Honi ya Ebenezeri

Ng'ombe wa Durk walikuwa kumi na tisa, mitamba watupu, na asubuhi ya Jumatatu ya Pentekoste wote walikuja mbio hadi ukingoni mwa mfereji kwa sababu Aukje alikuwa amepiga honi.

Hakukusudia kuita ng'ombe. Alikusudia daraja lifunguliwe. Mtu yeyote aliyekulia kando ya maji yale anajua kwamba boti likikaribia daraja, nahodha hupiga honi ndefu, fupi, ndefu, na mlinzi wa daraja huliinua. Aukje alibonyeza kitufe vilevile alivyofundishwa na marehemu baba yake. Kilichotoka, ole wake, kilikuwa mlio wa ndama mwenye mafua aliyepotezana na mama yake. Mooo. Mo. Mooo. Mitamba wa Durk wana huruma kuliko washirika wengi wa kanisa la pale kijijini, basi wakaacha majani yao wakaja kuangalia mtoto wa nani analia.

Darajani, Renske alikuwa kwenye kibanda chake akijaza fumbo la maneno. Alisikia vizuri kabisa. "Durk na ng'ombe zake," akasema, akafunga dirisha. Daraja halikutikisika. Boti halina breki, na lile la Aukje lina tani kumi na nane za chuma, kwa hiyo likaenda kujigonga ubavu kwenye magogo ya darajani, na kahawa yote ya Gosse, mumewe Aukje, ikahamia kwenye suruali yake.

Gosse hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Basi," alisema.

"Suruali itafuliwa, mume wangu."

"Suruali si neno. Mwaka juzi ilikuwa taa. Mwaka jana pampu. Mwaka huu tunalia kama ndama mbele za watu. Boti linaitwa Ebenezeri, yaani hata sasa Bwana ametusaidia. Mimi naona Bwana naye amechoka."

Aukje alijua yanakokwenda hayo. Gosse alikuwa mtu wa nchi kavu. Miaka arobaini alipima mipaka ya mashamba kwa serikali, na alipenda ardhi kwa sababu ukiipima leo, kesho unaikuta palepale. Kwenye maji alichafukwa na tumbo, hata kwenye mfereji usio na wimbi, hata boti likiwa limefungwa gatini. Ndoto yake ilikuwa karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayokokotwa nyuma ya gari. Tena alishaipata. Mtu mmoja wa Drenthe, jimbo la jirani, Roelof kwa jina, alikuwa na karavani nzuri na hamu kubwa ya boti, naye alikuwa tayari wabadilishane, kitu kwa kitu.

Palepale, maji ya kahawa yakimchuruzika magotini, Gosse akatoa masharti. Jumamosi ya tatu kuanzia siku ile, saa sita mchana, Roelof angekuja na karavani yake. Ikiwa kabla ya hapo daraja litafunguka kwa honi ya Ebenezeri peke yake, bila simu, bila kupunga mkono, bila kumwita Renske kwa jina, basi Gosse asingetaja tena habari ya kubadilishana hadi kaburini. Lisipofunguka, boti linakwenda na Roelof.

"Haya," Aukje akasema, kwa sababu watu wa jimbo lao la Friesland wakishakasirika hukubali lolote.

Wakapeana mikono. Renske akafanywa shahidi, akaapishwa asichungulie dirishani: atumie masikio tu. Aliona ni upuuzi mtupu, na akakubali kwa furaha.

Ila Aukje aliogopa. Boti lile lilikuwa la baba yake. Alijifunza kutembea juu ya sitaha yake akiwa amefungwa kamba kiunoni asije akatumbukia, na hadi leo, uzee ukibisha hodi, alikuwa akipanda Ebenezeri anajiona ana miaka sita. Ampe mtu wa Drenthe? Kule ni mchanga na misonobari tu. Angelifanyia nini, kufugia sungura?

Kesho yake alimwita Fundi Fokke. Fokke alikuwa fundi umeme wa maboti yote ya gati ile, mzee mwenye mita moja ya kupimia umeme, maneno machache na uwezo mkubwa wa kula biskuti. Akapima betri. Volti kumi na mbili nukta sita.

"Betri nzima," akasema.

Akaenda mbele kwenye honi, akazichomoa nyaya zake mbili, akamwambia Aukje abonyeze kitufe, akapima kwenye ncha za zile nyaya. Kumi na mbili nukta sita.

"Umeme unafika wote. Honi yako ndiyo imekufa."

Aukje akanunua honi mpya. Wakatoka nayo hadi karibu na daraja, akabonyeza. Mooo. Ndama akawa amebalehe kidogo, basi. Mitamba wakaja mbio.

Fokke akarudi. Akachomoa nyaya, akapima, kumi na mbili nukta sita huku, kumi na mbili nukta sita kule. "Betri inaonekana nzima lakini moyoni imezeeka," akasema. "Kama sisi." Aukje akanunua betri mpya. Mooo. Mara hii mtamba mmoja aliingia majini kabisa, ikabidi Durk amtoe kwa kamba, na maneno aliyoyasema Durk siku hiyo hayaandikiki.

Mara ya tatu Fokke alipima, akala biskuti nne, akasema ni unyevu wa hewa.

Mtu angeuliza: kwa nini fundi mzima anachomoa honi kila anapopima? Kwa sababu pale gatini palikuwa na kibao, kikubwa, cheupe, HAIRUHUSIWI KUPIGA HONI HAPA. Na aliyekipigania kibao hicho kwenye mkutano wa kijiji alikuwa Fokke mwenyewe, kwa ajili ya usingizi wake wa mchana. Kupima honi huku inalia kungekuwa kuvunja sheria yake mwenyewe. Akapima kimya, na kimyakimya mita ikamdanganya wiki tatu.

Jumamosi ikafika. Saa tano kasoro robo Aukje alikuwa anaosha sitaha. Yeye huosha hata akiwa na huzuni, na siku hiyo alikuwa na huzuni ya kuoshea meli ya vita. Gosse alikuwa ameketi gatini kwenye kiti cha kukunja, akipanga vikombe ndani ya boksi aliloliandika KARAVANI kwa herufi zilizonyooka.

Aukje akafungua bomba lililo nchani mwa mpira wa maji. Maji yakadondoka matone mawili matatu. Akalifunga, akauminya mpira: umejaa, mgumu kabisa. Akafungua tena. Matone.

"Gosse! Kiti chako kimekanyaga mpira!"

"Aa, samahani."

Akainua kiti. Maji yakaruka kwa nguvu, yakapita dirisha la chumba cha boti, yakaloweka mkate wote wa chakula cha mchana. Aukje hakuyazuia. Alisimama ameduwaa, bomba mkononi, mkate ukiogelea.

"Mke wangu, mkate!"

"Ulikuwa mgumu," Aukje akasema polepole. "Nilipofunga, mpira ulikuwa mgumu kama kawaida. Ungesema maji yapo tele. Mpaka ufungue ndiyo unajua kuna mtu kakalia."

"Nimeshasema samahani."

"Yule mzee kapima umeme uliosimama! Umeme usiofanya kazi! Ataonaje palipokaliwa?" Akatupa bomba, likaanza kucheza sitahani kama nyoka. "Mita yake ameiacha hapa. Njoo unisomee."

"Mwite Fokke."

"Fokke kaenda kuangalia mechi ya mpira wa mkono. Mimi nabonyeza kule, mita iko huku, sina mikono ya futi thelathini. Njoo."

"Aukje, mimi ni adui yako katika jambo hili."

"We ni adui mwenye macho mazuri. Njoo, bwana!"

Gosse akaja. Maisha yake yote hakuwahi kukataa kusoma kipimo, na kwa heshima yake, hakuwahi kukikadiria juujuu. Wakubwa zake walimwita Gosse Desimali, naye alidhani wanamsifu.

Aukje akaziacha nyaya za honi mahali pake, akambandikia Gosse ncha za mita kwenye betri, akaenda usukanini, akabonyeza kitufe chini ya kibao cha Fokke mchana kweupe. Mooo. Madirisha matatu ya nyumba za gatini yakafunguliwa. Ng'ambo ya mfereji, mitamba wakaanza kujipanga.

"Ngapi?"

"Kumi na mbili nukta nne."

"Betri haina kosa. Sasa nenda kwenye honi. Pima hapohapo inapolia."

Mooo.

"Nane nukta moja," Gosse akasema, na nyusi zake zikapanda. Kipimo kisichokubaliana na kipimo kingine kilimwasha kama upele. "Zinapotea volti nne nukta tatu. Njiani."

"Mtu kakalia mpira," Aukje akasema.

"Aukje!" Sauti ya jirani ilitoka dirisha la kati. "Unachinja nini humo?"

"Napima!"

"Pima kimya kama watu wengine!"

Aukje alikuwa anawaza. Umeme ni msafiri wa kwenda na kurudi: huenda kwa waya mwekundu kutoka betri hadi honi, kisha hurudi kwa waya mweusi na kwa chuma cha boti lenyewe hadi betri. Akaunganisha waya mrefu kwenye mita, ncha moja betri upande wa chanya, nyingine honi upande wa chanya. Hapo, honi ikilia, mita ingeonyesha kilichopotea katika safari ya kwenda.

Mooo. "Nukta nne," Gosse akasema. "Kidogo."

Akahamishia ncha zote mbili upande wa hasi, safari ya kurudi. Ilikuwa saa tano na nusu. Mooo.

Gosse akaitazama mita.

"Ngapi?"

Akaitazama barabara ya kutokea Drenthe. Aukje, mkono kitufeni, aliliona lile jicho. Aliijua ile karavani ilivyokaa kichwani mwa mumewe: kitanda kisichotikisika, supu isiyohama bakuli, ardhi, ardhi, ardhi. Na mita alikuwa ameishika yeye. Angesema "sifuri", Aukje angeanza kuhangaika upande mwingine, na saa sita ingemkuta hapohapo. Honi iliendelea kulia. Mitamba kumi na tisa walimtazama Gosse kwa macho makubwa ya majonzi.

"Tatu nukta tisa," Gosse akasema. "Nukta nne na tatu nukta tisa, ndiyo hiyo nne nukta tatu iliyopotea. Kosa liko kwenye kurudi, Aukje. Mungu anisamehe, liko kwenye kurudi."

Kama wasingekuwa Friesland, Aukje angembusu. Alimpiga begani.

Wakaufuata waya mweusi kutoka honi, wakipima kipande kwa kipande, mooo kwa mooo. Kutoka honi hadi chini ya ngazi, nukta mbili. Chini ya ngazi waya ulifungwa kwa bolti kwenye mwili wa boti. Gosse akaweka ncha moja kwenye waya, na nyingine akaikwaruza kwenye chuma kando yake hadi ikauma.

"Tatu nukta sita!" akapiga kelele, kasahau kabisa upande anaoutetea. "Hapa! Mwizi ni huyu!"

Aukje akaja na tochi. Bolti ilikuwa nzuri sana. Ilikuwa ya kijani kibichi, inang'aa, laini kama sahani ya harusi, na chuma chote kuizunguka kilikuwa cha kijani hichohicho. Hapakuwa na kutu hata ya kulambisha mbu.

Aukje akaketi kwenye ngazi.

Huko kwao chuma uchi ni aibu, sawa na kutoka na nguo ya ndani. Kila Aprili boti hupakwa rangi, na jirani hupita kukagua akijifanya anatafuta paka. Aukje hakupaka kama wengine. Yeye aliona wanaopaka kuzunguka bolti ni wavivu. Aprili hii alimlazimisha Gosse alegeze kila bolti ya ndani ili apake na chini yake, kisha zikarudishwa.

"Tabaka mbili," Gosse akasema, akichungulia.

"Tatu," Aukje akasema kwa sauti ndogo.

"Chini ya ncha ya waya pia?"

"Hasa chini ya ncha ya waya. Palikuwa na chuma kinaonekana."

"Kwa hiyo umeme ukitaka kurudi nyumbani unakuta mlango umepakwa rangi."

"Gosse."

"Sisemi kitu. Nauliza tu, kwa ajili ya kumbukumbu: wiki tatu hizi, nani amemwambia Fokke kwamba ni mzembe? Nani amekwenda kumwambia mwenye duka kwamba honi zake ni takataka? Nani ameniambia mimi, mbele ya mama mchungaji, kwamba nilifunga bolti kama mtu anayefunga kiatu?"

"Mimi. Mimi, mimi, mimi! Nipe spana!"

Saa sita kasoro dakika kumi na tano. Gosse akalegeza bolti, Aukje akaanza kukwangua. Alikwangua kwa kisu, kisha kwa msasa, na kila unga wa kijani ulioanguka ulimuuma, kwa maana ilikuwa rangi ya bei na aliipaka kwa kupiga magoti. Chuma kikajitokeza cheupe, kimeduwaa, uchi wa mnyama. Akakwangua na upande wa chini wa ncha ya waya. Gosse akarudisha bolti akaikaza, akaikaza tena, akaikaza hadi spana ikalia.

"Tupime," akasema.

"Hakuna muda! Fungua kamba!"

Saa sita kasoro dakika saba Ebenezeri likaondoka gatini, bomba la maji likivutwa kutoka sitahani na kutumbukia mferejini, boksi la KARAVANI likibaki kwenye gati peke yake. Mitamba wakafuata sambamba ukingoni, wamezoea. Daraja lilikuwa mbele, limelala. Renske hakuonekana. Saa sita kamili angefunga kibanda kwa chakula, na saa sita ya Renske haikuwahi kuchelewa hata kwa ajili ya mazishi. Ikizidi hapo, Roelof ameshinda.

Aukje alimkumbuka baba yake na kumwambia moyoni, mzee, nisamehe hiyo rangi. Akabonyeza.

Ilikuwa sauti ya boti. Ilitoka nene, pana, ikagonga mnara wa kanisa ikarudi, na bata wote wakaruka. Ndefu. Fupi. Ndefu. Mitamba wakasimama ghafla, wakatazamana, wakageuka kurudi majanini: huyu si wetu.

Kibandani penseli ilianguka. Kengele za daraja zikalia, vizuizi vyekundu na vyeupe vikashuka kufunga barabara, na daraja likaanza kujiinua, taratibu, kama mtu mnene anayetoka kitini.

Aukje alipiga yowe. Alilia na kucheka kwa pamoja, akafuta pua kwa mkono wenye rangi, ikawa ya kijani. Kisha akageuka amwone Gosse.

Gosse alikuwa ametazama juu. Kwenye kizuizi, gari la kwanza kabisa lililozuiwa na daraja lilikuwa la Roelof, na nyuma yake karavani. Nyeupe, ya mviringo, mapazia ya njano. Gosse akavua kofia yake taratibu, akaishika kifuani.

Roelof akatoa kichwa dirishani. "Hilo ndilo boti langu?" akauliza kwa furaha.

"Lilikuwa," Gosse akajibu.

Aukje aliona uchungu. Mumewe alikuwa amempa boti kwa mdomo wake mwenyewe, kwa desimali, na sasa anapita chini ya daraja akiagana na karavani kama anayemsindikiza mtu stesheni. Akarudisha injini nyuma. Ebenezeri likasimama katikati, chini ya daraja lililoinuliwa.

"Aukje!" Renske akafoka kutoka dirishani. "Ondoa boti, dada, nina njaa!" Lakini mkono wake ulishashusha ile fimbo yenye kiatu cha mti kinachoning'inia kwenye uzi, ambacho waendao majini hutilia sarafu ya daraja.

Gosse akatia sarafu. Kisha akatoa mfukoni mwa shati karatasi iliyokunjwa mara nne, akaitia pia. "Mfikishie yule bwana mwenye gari."

Aukje aliidaka kabla haijapanda, akaikunjua. Mwandiko ulionyooka: *Ndugu Roelof, boti halibadilishwi, naomba radhi kwa safari yako. Je, unaweza kutuazima karavani wiki mbili, Agosti tarehe 2 hadi 16? Mke wangu atakuja na boti hadi mfereji wa karibu na karavani, atulie.* Chini kulikuwa na tarehe. Jumanne, kesho yake Jumatatu ya Pentekoste.

"Uliandika hii kabla hata Fokke hajapima mara ya kwanza?"

"Ndiyo."

"Ulijuaje kama nitaweza?"

"Miaka thelathini na moja, Aukje," Gosse akasema. "Nimeshakupima."

Magari yalipiga honi juu barabarani, Renske alipiga fremu ya dirisha kwa kijiko. Aukje alimpokonya Gosse penseli ya mfukoni mwake, akakata *mbili*, akaandika *tatu*, *16* akaifanya *23*, akairudisha karatasi kwenye kiatu.

"Vuta, Renske," akasema. "Tunakwenda."